Mti Uliotoka Kinamasini

Dominika ya Tano ya Kwaresima, Mwaka A
Masomo: Ezekieli 37:12-14, Warumi 8:8-11, Yohane 11:1-45



Wapendwa wasikilizaji, nawasalimu nyote katika Bwana: ninyi mnaojiandaa kwenda kanisani, ninyi wagonjwa mnaoiadhimisha Dominika hii mkiwa vitandani, na ninyi makatekista ambao leo mtaongoza ibada ya Neno katika vigango ambako padre hatafika. Zimebaki wiki mbili tu kufikia Pasaka, na Mama Kanisa anatuweka mbele ya kaburi.

Katika somo la kwanza, nabii Ezekieli anawapelekea watu waliokata tamaa uhamishoni ahadi ya ajabu. Mungu mwenyewe atayafungua makaburi yao, atawatoa humo, na kuwarudisha katika nchi yao. Katika Injili, Bwana Yesu anasimama mbele ya pango lililozibwa kwa jiwe. Rafiki yake Lazaro amelala humo siku nne. Martha, dada yake marehemu, ambaye muda mfupi uliopita ameikiri imani yake kwa maneno mazito, sasa anasita. Anamkumbusha Bwana kwamba maiti imekwisha kunuka. Ni kana kwamba anasema: Bwana, umechelewa, kilichomo humo ndani hakifai tena.

Ndugu zangu, wazo hilo, kwamba kitu au mtu fulani "hafai tena", ndilo nitakalo tulitafakari leo. Na ili tulitafakari vizuri, nawaomba mnifuate kwa fikra hadi mahali palipo mbali na kwetu, tukaitazame kazi moja ya mikono. Mahali penyewe ni kisiwa cha Ayalandi. Jina hilo si geni masikioni mwetu, maana kutoka huko walitujia mapadre na masista wengi, wakiwemo wale wa Shirika la Mtakatifu Patrisi lililoanzishwa Kiltegan mwaka 1932. Lakini leo hatuwazungumzii wamisionari. Tunawazungumzia wachongaji wa kisiwa hicho, wale wanaochonga sanamu kutokana na miti iliyolala ardhini kwa maelfu ya miaka.

Ayalandi ni nchi ya mvua na ya baridi. Tangu kale, karibu sehemu moja katika sita ya ardhi yake ilifunikwa na vinamasi. Katika vinamasi hivyo huota mimea midogo, laini kama sifongo, inayonyonya maji mengi na kuyafanya yawe makali kama yaliyotiwa ndimu. Mimea hiyo ikifa haiozi kabisa, kwa sababu katika maji yale yaliyotulia hamna hewa ya kutosha. Hujilundika, mwaka juu ya mwaka, ikawa udongo mweusi mzito. Kwa wastani udongo huo huongezeka milimita moja tu kwa mwaka. Hesabu mwenyewe: kina cha mita moja ni kazi ya miaka elfu moja. Watu wa huko waliukata udongo huo vipande vipande kama matofali, wakauanika juani, wakaupikia chakula na kuota moto wake, kama sisi tufanyavyo kwa kuni na mkaa.

Sasa, kabla vinamasi havijatanda, katika sehemu nyingi za nchi ile palikuwa na misitu ya mialoni na misonobari. Maji yalipopanda, miti ile ilikufa, ikaanguka, ikamezwa. Udongo ukaifunika. Ikalala gizani miaka 3,000, miaka 5,000, mingine zaidi ya hapo. Mingine ilikuwa imekwisha kuzikwa wakati Abrahamu alipoitwa kutoka Uru. Ilikuwa imelala wakati Bwana wetu alipozaliwa Betlehemu. Na siku jembe la mkata udongo lilipoigonga, ilikutwa haijaoza.

Je, watu waliipokeaje? Kwa mkulima wa kale, gogo la kinamasini lilikuwa na manufaa madogo madogo. Msonobari wake, kwa vile una utomvu mwingi, ulipasuliwa vijiti vya kuwasha usiku badala ya mshumaa. Magogo manene yalishikilia paa za nyumba za maskini. Lakini zilipokuja mashine kubwa za kuvunia udongo, magogo yaligeuka kuwa kero. Yalikwamisha kazi, yakavunja vyuma, yakang'olewa na kutupwa kandokando, marundo kwa marundo. Mtu akipita na kuyaona, yamefunikwa na matope, yamepinda na kupasuka, angesema lile neno la Martha: haya hayafai tena.

Ndipo anapoingia mchongaji. Yeye huyaendea marundo yale yale yaliyotupwa. Huchagua gogo moja, au kisiki kimoja chenye mizizi iliyosokotana, akalisafisha polepole kwa maji na brashi. Huondoa sehemu ya nje iliyolainika, ile inayokatika hata kwa ukucha. Na chini ya hiyo hukutana na kiini cha mti, kigumu, kizima. Wale ndugu zetu wachongaji wa mpingo kusini mwa Tanzania wataielewa habari hii upesi, maana wao nao huondoa tabaka jeupe la nje ili kuufikia moyo mweusi wa mti. Ila mpingo umezaliwa na weusi wake. Mwaloni wa kinamasini haukuzaliwa hivyo. Nitarudi katika jambo hilo baadaye kidogo.

Wapendwa, hapa tufike polepole, maana ndipo lilipo fundisho la leo. Mtu asiyeijua kazi hii angedhani kwamba hatari ya mti ule ilikuwa katika kuzikwa, na kwamba ukishatolewa umeokoka. Sivyo. Kule kinamasini mti ulikuwa umehifadhika. Hatari yake kubwa huanza siku unapotoka nje. Umelowa maji mpaka ndani kabisa. Ukiuacha juani, au ukiuweka karibu na moto ili ukauke upesi, sehemu ya nje hukauka na kunywea wakati ndani bado kumelowa. Nje hujaribu kujikunja, ndani hakukubali. Hapo mti hupasuka. Hutoa nyufa ndefu toka juu hadi chini, na kile kilichostahimili miaka 5,000 gizani huharibika katika majuma machache ya mwanga.

Basi mchongaji anayeijua kazi yake hafanyi haraka. Huliweka gogo chini ya paa, kivulini, mbali na moto na upepo mkali. Huliacha likauke kwa kadiri yake lenyewe. Kazi hiyo ya kungoja huchukua mwaka, miaka miwili, na kwa magogo manene hata zaidi. Katika muda huo wote patasi haijagusa kitu. Mpita njia angedhani mchongaji amelisahau gogo lake. Kumbe hulitazama, huligeuza, huligusa. Anangoja ndani kukauke kama nje.

Turudi sasa Bethania. Bwana anapaza sauti, na Lazaro anatoka kaburini. Huo ndio muujiza, na ni wa Kristo peke yake. Hakuna mwanadamu anayeweza kuufanya. Lakini angalieni anatokaje. Anatoka akiwa amefungwa sanda mikono na miguu, na uso wake umefunikwa kitambaa. Yu hai, ila hawezi kutembea vizuri, wala hawezi kuona. Na Bwana, aliyeweza kumwita mtu kutoka mautini, alishindwa kuzikata sanda zile kwa neno moja? Hakushindwa. Aliwaachia wengine kazi hiyo kwa makusudi. Akawageukia watu waliosimama pale, wale wale waliokuwa wakilia na kunung'unika, akawaagiza wamfungue, wamwache aende zake.

Kumwita mtu kutoka kaburini ni kazi ya Mungu. Kumfungua sanda ni kazi ya parokia.

Nasema hivi, ndugu zangu, kwa sababu wapo kati yetu watu wanaotoka makaburini kila mwaka, hasa wakati huu wa Kwaresima. Yupo kijana aliyemaliza kifungo chake gerezani, amerudi kijijini, na Dominika iliyopita alisimama nyuma kabisa ya kanisa, karibu na mlango. Yupo mama aliyekaa miaka 15 bila sakramenti kwa sababu ya mambo ya ndoa yake, na sasa amepata ujasiri wa kubisha katika nyumba ya padre. Yupo baba aliyekunywa mpaka akauza shamba la watoto, na huu ni mwezi wake wa pili bila pombe. Watu hawa hawakujitoa wenyewe. Ipo sauti iliyowaita. Lakini wametoka wakiwa wamelowa mpaka ndani, na sanda ziko miguuni.

Tunawapokeaje? Nionavyo mimi, tunaweza kukosea kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kuwarudisha kinamasini. Mtu anakuja, na neno la kwanza analokutana nalo ni deni. Aeleze kwa nini hakuonekana katika jumuiya ndogo ndogo. Alipe michango ya miaka yote aliyokosekana, ndipo jina lake litafutwe katika daftari. Alete cheti, na cheti kilipotea zamani. Sisemi kwamba parokia haihitaji michango, wala kwamba madaftari hayana maana. Kanisa ni familia, na familia hutegemezana. Lakini nawauliza ninyi viongozi wa jumuiya: ni nani kati yenu angemdai Lazaro ada ya mazishi kabla ya kumfungua sanda? Mtu aliyetembea njia ndefu namna ile, akakutana na mlango mgumu, hageuki mara ya pili. Hurudi alikotoka, na huko hakuna anayemdai chochote.

Namna ya pili ya kukosea haionekani kwa urahisi, maana huvaa vazi la furaha. Ni kumwanika mtu juani. Mlevi ameacha pombe wiki tatu, nasi tunamsimamisha mbele ya umati atoe ushuhuda. Kijana ametoka gerezani juzi, nasi tunampa leo funguo za sanduku la parokia ili tuonyeshe jinsi tunavyomwamini. Mama amerudi kwenye sakramenti, na Jumamosi ile ile anachaguliwa mwenyekiti wa kikundi. Tunapiga makofi na vigelegele. Nje amekauka kwa wiki moja. Ndani bado maji yamejaa. Siku anapopasuka, sisi wenyewe tuliopiga makofi ndio wa kwanza kusema: tulijua tu, yule hafai.

Mwinjili Yohane anatuonyesha kwamba hatari hii ilimfikia Lazaro mwenyewe. Katika sura inayofuata tunasoma kwamba umati mkubwa ulikwenda Bethania si kwa ajili ya Yesu tu, bali pia kumtazama mtu yule aliyefufuliwa. Na makuhani wakuu wakafanya shauri la kumwua Lazaro naye. Mnaona? Huku watu wa kumkodolea macho, huku watu wa kutaka arudi kaburini. Kati ya hao wote, Lazaro alihitaji kitu kimoja: nyumba ya dada zake, meza ya chakula, na Bwana ameketi karibu. Yohane anatuambia kwamba ndivyo alivyokuwa, amekaa mezani pamoja na Yesu, na Martha akihudumu. Ule ndio ulikuwa uvuli wake.

Kuna kisa kimoja cha kweli kutoka vinamasi hivyo hivyo vya Ayalandi ambacho kinaeleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Mwaka 2006, katika kinamasi kimoja cha jimbo la Tipperary, mtu aliyekuwa akiendesha mashine ya kuchimba aliona kitu kama ngozi ndani ya udongo. Kilikuwa kitabu. Wataalamu waligundua kwamba ni kitabu cha Zaburi, kilichoandikwa kwa mkono kwa Kilatini yapata mwaka 800, kikalala matopeni miaka ipatayo 1,200. Kati ya maneno machache yaliyosomeka mwanzoni yalikuwamo yale ya zaburi ya mahujaji wanaopita katika bonde la machozi. Lakini ninachotaka mkumbuke ni tendo la wale waliokikuta. Hawakukifuta matope, hawakukianika, hawakukibeba kukionyesha kijijini. Walikifunika upesi kwa udongo mbichi ule ule uliokilinda, wakawaita watu wa Makumbusho ya Taifa. Kwa tendo hilo dogo la busara kitabu kiliokoka, na kazi ya kukikausha ukurasa baada ya ukurasa ikachukua miaka. Upendo wa kweli, wapendwa, hujua kufunika. Si kila kilichotoka kaburini ni cha kuonyeshwa siku ile ile.

Makatekista wapendwa, hapa nina neno lenu. Mnao wakatekumeni ambao watabatizwa usiku wa Pasaka. Najua mnavyosukumwa: parokia inataka idadi, wazazi wanataka sherehe, daftari linataka kujazwa. Mtu akikariri sala na maswali yote, mnahesabu kwamba amekauka. Lakini Kanisa, kwa hekima yake ya kale, limeweka kipindi kirefu cha ukatekumeni, pamoja na hatua zake na ibada zake, si kwa kupenda urasimu bali kwa sababu linajua maji yanavyotoka polepole ndani ya mti. Msione aibu kumwambia mtu kwa upole: tungoje kidogo, nitakuwa pamoja nawe. Muhimu ni hilo la mwisho, nitakuwa pamoja nawe. Maana kungoja kwa mchongaji si kutelekeza. Gogo lililotelekezwa nyuma ya nyumba na gogo linalokaushwa kivulini yote mawili yamekaa kimya. Tofauti ni kwamba moja lina mtu wa kuligeuza.

Sasa nilipe deni langu kuhusu rangi. Mwaloni ulio hai una mbao ya rangi ya kahawia iliyofifia. Wa kinamasini ni mweusi, wakati mwingine mweusi kabisa kama makaa. Sababu yake ni hii. Mwaloni una ndani yake tanini, kitu kile kile ambacho watengenezaji wa ngozi hukipata katika magome ya miwati na ya mikoko. Maji ya kinamasi yana chembechembe za chuma. Chuma na tanini vikikutana, kwa mamia na maelfu ya miaka, mti hugeuka rangi toka nje hadi kiini. Hakuna sabuni itakayouondoa weusi huo, wala randa haiwezi kuufikia mwisho wake. Na mchongaji hataki uondoke. Amalizapo kuchonga kwa patasi na kulainisha kwa tupa na msasa, hupaka nta na kusugua kwa kitambaa, na ule weusi uliopatikana kaburini ndio unaong'aa. Hata mabwana na mabibi wa karne ya 19, waliovaa vipambo vilivyochongwa kwa mwaloni huo wakati wa maombolezo, waliupenda kwa sababu ya rangi hiyo.

Mtu aliyepita katika maovu, au aliyetendewa maovu, hubaki na alama. Msimwambie asahau, kana kwamba miaka ile haikuwapo. Mungu hakupendezwa na dhambi yake, wala hakuyataka mateso yake. Tusimsingizie Mungu mambo hayo. Lakini mikononi mwa Mungu, hata kile ambacho giza lilikiacha ndani yetu chaweza kung'aa. Bwana mfufuka mwenyewe aliwatokea wanafunzi akiwa na makovu ya misumari, wala hakuyaficha. Baba yule aliyeacha pombe, baada ya kukaushwa polepole, ndiye atakayejua jinsi ya kuketi na mlevi mwingine usiku wa manane. Sisi tusio na alama ile hatutajua la kusema.

Tena, miaka ile haikupotea. Ndani ya shina la mwaloni kila mwaka huandika duara moja, pana katika mwaka wa neema, jembamba katika mwaka wa shida. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Queen's huko Belfast walilinganisha duara za mialoni ya zamani, pamoja na hii ya vinamasini, wakaunganisha mti kwa mti, na mwaka 1984 walitangaza hesabu isiyokatika inayorudi nyuma zaidi ya miaka 7,000. Kwa hesabu hiyo, barabara ya kale ya mbao za mwaloni iliyofukuliwa kinamasini huko Corlea, katika jimbo la Longford, ilijulikana kwamba miti yake ilikatwa mwaka 148 kabla ya Kristo. Ikiwa mti uliozama matopeni umetunza kumbukumbu ya kila mwaka wake, je, Mungu aliyeuumba atasahau mwaka hata mmoja wa mtoto wake? Yule mama hakuipoteza miaka yake 15. Ipo. Imehesabiwa. Bwana alikuwa akiijua alipokuwa akilia mbele ya kaburi.

Jambo la mwisho kuhusu mchongaji. Akishaona kwamba gogo limekauka, haendi nalo mbio kwenye sanamu aliyoiwaza kabla. Hukaa akilitazama. Mzizi umepinda hivi: pengine ni shingo ya ndege. Mpasuko huu wa kale umeacha uwazi: pengine ni mkono wa mama unaomzunguka mtoto. Umbo alilonalo mti ndilo linaloongoza patasi. Nabii Isaya anamcheka fundi anayekata mti, nusu akaotea moto na kupikia, na nusu akajichongea mungu wa kumwabudu. Nasi hufanana na fundi yule tunapotaka kila anayerudi achongwe kwa sura yetu: aongee kama sisi, asali kwa sauti kama sisi, aingie chama kile tunachokipenda sisi. Tumwache Mungu aione sura aliyoiweka mwenyewe ndani ya mtu huyo. Kazi yetu ni kuondoa matope.

Lakini, ndugu wapenzi, kila mfano una mpaka wake, nami sitaki niwaache kwenye mfano. Ayubu aliyaonea wivu maisha ya mti, maana mti ukikatwa, alisema, huweza kuchipuka tena unaponusa maji. Mti wa kinamasini hauchipuki. Umekufa kweli, na mchongaji, hata awe hodari namna gani, hawezi kuurudishia jani moja. Atautoa katika aibu, ataupa heshima, atauweka mahali pa wazi kanisani au nyumbani, lakini utabaki sanamu. Kristo hachongi sanamu. Mtume Paulo anatuambia leo kwamba Roho yule aliyemfufua Yesu katika wafu anakaa ndani yetu, na kwa Roho huyo miili yetu ipatikanayo na mauti itapewa uzima. Ndiyo maana hatuwezi kusema juu ya mtu yeyote kwamba hafai tena. Kama mikono ya mwanadamu yaona uzuri katika gogo lililotupwa, Mungu ataona nini katika mtu ambaye Mwanae alimfia?

Miaka hii mambo yamebadilika huko Ayalandi. Kampuni ya taifa, Bord na Móna, iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya kuvuna udongo wa vinamasi, ilitangaza mwezi Januari 2021 kwamba imeacha kabisa uvunaji huo. Vinamasi vingi vinarudishiwa maji yake ili viponywe. Kwa hiyo magogo yanayofukuliwa yatapungua, na wachongaji watazidi kuyathamini yale waliyo nayo. Sisi hatujui ni mara ngapi mtu mmoja atapata ujasiri wa kutoka na kutujia. Pengine ni mara hii tu.

Basi, katika wiki hizi mbili zilizobaki, nawapeni kazi moja, ndogo, isiyo na makofi. Kila mmoja amfikirie mtu mmoja wa jumuiya yake ambaye jina lake tukilitaja, watu huguna. Amwombee kwa jina. Kisha aende nyumbani kwake, asiende na daftari, asiende na maswali. Aketi, anywe maji atakayopewa, aulizie hali ya watoto. Akiaga, aseme kwamba atapita tena, na apite tena kweli. Hivyo ndivyo sanda zinavyofunguliwa, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Na wewe unayenisikiliza, ambaye unajijua kuwa bado uko ndani ya pango, na jiwe liko mlangoni: usidhani siku nne ni nyingi kwake. Usidhani miaka 20 ni mingi. Amekwisha kufika Bethania, na jina analoliita ni lako.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyelia mbele ya kaburi la rafiki yako, uwaite kwa sauti kuu wote waliozikwa wakiwa hai. Utupe sisi mikono mipole ya kuwafungua, macho ya kuona umbo ulilowawekea, na saburi ya kungoja pamoja nao kivulini hata siku ya Pasaka isiyo na mwisho. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.